Alfonso de Portago na mapine ya Englebert

Hapa Kamalondo jina Englebert ni jina la mupira wa miguu. Ba papa wenye walikuwa vijana mu 1967 na mu 1968, wakati timu yetu ilileta kombe la Afrika mara mbili kufuatana, wangali wanasema Englebert, hata kama watoto wao wanaimba Mazembe. Wanajua kama lilikuwa jina la kampuni ya Wabelgiji. Wengi wanajua tena kama ile kampuni ilikuwa inatengeneza mapine mu muji wa Liège. Lakini ginsi ile kampuni ilipata sifa huko Bulaya, na ginsi jina lake liliingia mu mambo ya tribinali, hiyo wengi hawakusimuliwa.

Mu miaka ya 1950 gari za Ferrari, zenye zilikuwa zinashindana ku dunia yote, zilikuwa zinavaa mapine ya Englebert. Siku ya 12 mwezi wa 5 mwaka 1957, moja ya yale mapine ilipasuka pa barabara ya Italia, na watu 11 wakakufa. Mumoja wao alikuwa shofere mwenyewe. Jina lake lilikuwa refu sawa treni ya shaba: Alfonso Cabeza de Vaca y Leighton, marquis de Portago. Rafiki zake walimuita paka Fon.

Alizaliwa London, siku ya 11 mwezi wa 10 mwaka 1928. Baba alikuwa mutu wa jamaa kubwa ya Hispania, jamaa zenye zinakaa karibu na mufalme. Mufalme mwenyewe, Alfonso wa 13, njo alikuwa parrain wake wa ubatizo, na njo alimupatia jina. Mama yake, Olga Leighton, alikuwa mbele muuguzi wa wagonjwa. Kisha aliolewa na mutajiri wa Marekani, na yule mutajiri alipokufa alimuachia mali mingi sana. Kwa hiyo Alfonso alizaliwa na vitu viwili mu mukono: jina la baba na feza za mama. Alikomalia Biarritz, mu Ufaransa, pembeni ya bahari. Alikuwa anasema luga mbalimbali, na hakuna hata siku moja ya maisha yake alitafuta kazi.

Tuseme wazi: mutu wa namna hii, kwetu watu wa shifu, haiko mwepesi kumuhurumia. Wakati baba zetu walikuwa wanashuka mu shimo la Kipushi kwa mushahara wa Union Minière, huyu kijana alikuwa anatafuta namna gani atachezesha maisha yake. Wanasimulia kama akiwa na miaka 17 alipitisha ndeke chini ya daraja moja la London, juu ya beti ya dola 500. Kisha alipanda farasi. Aliingia mara mbili mu mashindano ya Grand National ya Uingereza, yale ambayo farasi inaruka vizuizi virefu na wapandaji wengi wanaanguka mbele ya kufika. Alikuwa mutu murefu, na mutu murefu haiko vizuri juu ya farasi wa mashindano. Akaacha.

Kisha akapenda bobsleigh, ile sanduku ya chuma yenye inateleza juu ya barafu kutoka mulimani. Mu New York alikuwa na rafiki Mumarekani, Edmund Nelson. Huyu Nelson, wakati walijuana, alikuwa anafanya kazi ya kupandisha na kushusha watu mu asansere ya hoteli Plaza. Marquis na mutu wa asansere: urafiki wao ulikuwa wa kweli na ulidumu mupaka saa ya mwisho, kama tutaona. Nelson njo alimuonyesha bobsleigh. Mu 1956, ku Michezo ya Olimpiki ya Cortina d'Ampezzo, Portago aliongoza timu ya Hispania, akawa wa ine mu sanduku ya watu wawili. Alikosa medali ya shaba kwa sehemu 14 za mia za segonde. Mwaka wenye ulifuata, ku mashindano ya dunia ya Saint-Moritz, aliipata ile medali ya shaba. Kwa mutu mwenye hakuzaliwa mu barafu, ile haikuwa muchezo tu wa mutajiri. Alikuwa na mukono, alikuwa na jicho.

Motokari zilimukamata mu 1953. Alikutana na Luigi Chinetti, Muitalia mwenye alikuwa anauzisha Ferrari mu Marekani, na Chinetti alimupakia pembeni yake mu mashindano ya Carrera Panamericana, mu Mexico. Mara moja Portago akanunua Ferrari yake. Mwanzo wa 1954 alienda Buenos Aires, mashindano ya kilometa 1000, pamoja na Harry Schell. Walikuwa wa pili. Lakini wenye walikuwa pale wanasimulia kama Schell njo aliendesha karibu mashindano yote, sababu Portago hakujua bado kubadilisha vitesi ginsi inafaa. Alikuwa amenunua gari yenye nguvu kushinda zote mbele ya kujifunza kuiendesha! Schell alimufundisha kiisha. Mu 1955, Silverstone mu Uingereza, gari ilimutupa na mguu ukavunjika. Alipopona alirudia. Mu mwaka 1956 Enzo Ferrari alimuingiza mu timu yake pamoja na wakubwa kama Fangio, Collins, Castellotti na Musso.

Sura yake iliingia mu magazeti yote. Nywele ndefu wakati wanaume wengine walikuwa wananyoa mafupi, ndevu za siku mbili, koti ya ngozi, sigara mu kinywa. Alikuwa na bibi wa ndoa, Carroll, Mumarekani, na watoto wawili. Alikuwa tena na wanamuke wengine, na hakuwaficha. Magazeti yalipenda ile, na mupaka leo wenye wanaandika juu yake wanakaa sana pale. Sisi tutapita mbio, sababu jambo lenye linatuusu liko chini ya gari.

Mwezi wa 9 mwaka 1956, Portago na Nelson walishinda Tour de France ya motokari, mu Ferrari 250 GT. Yale mashindano yalikuwa na akili yake. Gari ilipaswa kufanya maelfu ya kilometa mu barabara za kila siku, na njiani inaingia mu viwanja vya mashindano na kupanda milima kwa kupimwa saa. Gari moja tu, asubui barabarani na malori na baiskeli, kiisha saa sita mu uwanja na mbio ya mwisho. Na pale njo shida ya pine inaonekana yote. Pine yenye mupira laini inashika lami vizuri mu uwanja, lakini barabarani inakulika mbio, na asubui ikiwa baridi inateleza. Pine ngumu, yenye mupira munene, inavumilia mashimo na mawe, lakini ukiikimbiza sana muda murefu inachemuka. Hakuna pine yenye inafanya yote mawili vizuri. Kila mutu mwenye anachagua anatoa kitu ili apate kingine. Ile mara Portago na Nelson walichaguliwa vizuri, na 250 GT ilishinda kiasi kwamba watu walizoea kuita ile aina ya gari Tour de France.

Mbele ya ile, siku ya 2 ya mwezi ule ule, kulikuwa Monza. Wakati ule Monza ilikuwa na sehemu yenye kuinuka sawa ukuta wa sahani, ya beto yenye mabonde-mabonde, ambapo gari inapita imelala na uzito wote unafinya mapine ya inje. Ile kuta ilikuwa imekwisha kuonyesha hatari mwaka wa 1955. Farina alikuwa pale na gari ya Lancia yenye Ferrari alikuwa amepewa, imevaa Englebert, pine ikamuachia mu majaribio, na gari za namna ile ziliondolewa mu mashindano. Lancia zilikuwa zimezoea mapine ya Pirelli. Lakini Ferrari alikuwa amefunga mukataba na Englebert, na mukataba ni mukataba. Mu 1956 mambo yalirudia. Musso na Castellotti walikimbizana toka mwanzo, na mapema sana mapine yao yakaanza kutupa mupira wa juu. Castellotti, pine ilimutoa mu mashindano. Portago vilevile: mu muzunguko wa 6 pine yake iliachia gari ikiwa mbio sana. Alisimamisha gari, akatoka muzima. Alijua basi, miezi 8 mbele ya kufa, ginsi ile sauti inasikika.

Kwa nini pine inafanya vile? Mutu wa kareri anaweza kufahamu mbio kushinda mutu wa ofisi. Pine, pa mahali inagusa barabara, inafinyika. Ikizunguka, inanyooka. Gari ikienda kilometa 250 kwa saa, gurudumu yake inazunguka zaidi ya mara 30 kwa segonde moja, na kila mara mupira na nyuzi za ndani zinakunjwa na kunyooka. Kunja waya wa chuma mara nyingi mu mikono yako, utasikia ginsi unapata moto. Njo vile pine. Moto unazaliwa ndani, na mupira haupitishi moto vizuri, kwa hiyo unabaki mule. Kama upepo ni kidogo, pine inafinyika zaidi na moto unazidi. Kama mupira wa juu ni munene, moto unakosa njia ya kutoka. Saa inafika gundi yenye inashika mupira na nyuzi inaachia. Mupira wa juu unapepea, unatoka, na nyuzi zinabaki uchi. Kwa macho, dakika tano mbele, ile pine ilikuwa inaonekana muzima.

Benne za Kolwezi na za Fungurume zinakufa vilevile. Mutu mwenye anasimamia mapine ya mugodi anajua hesabu ya tani-kilometa kwa saa. Unachukua uzito wenye pine inabeba benne ikiwa tupu, na uzito wenye inabeba ikiwa na mabwe, unatafuta wa katikati, unazidisha na mwendo wa katikati wa siku. Pine yenye inabeba tani 10 kwenda na tani 26 kurudi, ya katikati ni 18. Kama mwendo ni kilometa 20 kwa saa, inafanya 360. Kiwanda kinaandika kiasi chenye pine inaweza kuvumilia. Ukipita, moto. Na pale tena muchaguo ni ule ule wa Portago: pine yenye mupira mugumu juu ya mabwe yenye kukata, ao pine yenye inavumilia moto juu ya njia ndefu. Mugodi wenye unasogeza mahali pa kumwanga mabwe kilometa mbili mbali bila kubadilisha mapine, utasikia milio. Na pine ya benne ikipasuka, hakuna mutu anapaswa kuwa pembeni.

Basi, Mille Miglia. Maili 1000, karibu kilometa 1600, kutoka Brescia kaskazini ya Italia, kushuka pembeni ya bahari mupaka Pescara, kukata milima kwenda Roma, kurudi kwa Siena na Firenze, kupita milima tena mupaka Bologna, na kuishia Brescia. Haikuwa uwanja. Ilikuwa barabara ya watu, yenye inapita mu vijiji, mbele ya makanisa na maduka. Watu walisimama pa kando, mamilioni, na hakukuwa ukuta. Tufikirie mashindano yanatoka Lubumbashi yapite Likasi, Kolwezi, na kurudi, gari ya kilometa 280 kwa saa inapita mbele ya soko ya Fungurume na batoto wako pale wanaangalia. Njo ile.

Portago hakupenda ile Mille Miglia. Hakuijua barabara vizuri, na alijua kama kuna kona nyingi mutu hawezi kushika mu kichwa. Aliitwa kuchukua nafasi ya Musso, mwenye alikuwa mugonjwa. Miezi miwili mbele, Castellotti alikuwa amekufa Modena akijaribu Ferrari, kwa hiyo timu ilikuwa na mashofere kidogo. Alipewa gari 335 S, mashine ya litre 4 na silinda 12. Namba yake 531, maana aliondoka 5 h 31 ya asubui. Kila gari ilibeba saa yake ya kuondoka. Pembeni alikaa Nelson. Yule mutu wa asansere hakuendesha. Kazi yake ilikuwa kuangalia njia, na kuwa pale.

Waliendesha vizuri, kwa akili. Ku Roma Portago alisimama, na Linda Christian, muchezaji wa sinema mwenye alikuwa rafiki wake siku zile, akamubusu. Ile picha ilizunguka dunia yote kiisha, wakaipa majina mabaya. Mbele yao Peter Collins alikuwa wa kwanza, kisha gari yake ikavunjika. Piero Taruffi, muzee wa miaka 50 mwenye alijaribu miaka mingi bila kushinda, alikuwa mbele na gari yenye ilikuwa na shida pia. Portago alikuwa karibu.

Bologna, mahali pa mwisho pa kutia mafuta, Enzo Ferrari mwenyewe alikuwa pale. Mambo ya zile dakika yamesimuliwa kwa namna nyingi. Wanasema pine moja ya mbele ilikuwa inakwaruza gari, sababu chuma yenye inaishika ilikuwa imejikunja kidogo kwa kugonga pembeni ya barabara. Wanasema makanika alitaka kubadilisha, na shofere akaondoka. Wengine wanakatala. Mimi naona kama hata kwado wetu wa Kamalondo, akiona pine inagusa karoseri, angekamata ufunguo mbele ya kuuliza mutu. Lakini pale kulikuwa saa yenye inakimbia, bosi mwenye anaangalia, na mutu wa mbele mwenye gari yake inagonjeka. Shofere wa lori yenye inapaswa kufika Kasumbalesa mbele ya kufungwa kwa mupaka anajua uzito wa ile saa.

Kupita Mantova barabara inakuwa sawa kamba. Kati ya Goito na Guidizzolo, kilometa hazifike 50 mbele ya mwisho, gari ilikuwa inapita zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Pine ya mbele, upande wa kushoto, ikapasuka. Gari ikagonga jiwe la kuhesabu kilometa, ikaruka juu, ikapiga poto la simu, ikapita mu watu wenye walisimama pa kando, ikarudi tena na kuangukia mu mufereji. Portago alikufa pale. Nelson alikufa pale. Watu 9 wenye walikuja kuangalia walikufa, watano kati yao watoto. Wengine wengi waliumia. Portago alikuwa na miaka 28.

Taruffi alifika Brescia kwa saa 10 na dakika 27, akashinda, na akaacha mashindano kwa siku zote kama alivyomuahidi bibi yake. Wa tatu, mu 250 GT ya barabara, alikuwa Mubelgiji Olivier Gendebien. Huyu, Congo inamujua: kiisha vita alifanya kazi ya miti huku kwetu miaka mbele ya kurudi Bulaya, na Stanleyville njo alipata rafiki mwenye alimuingiza mu mashindano ya motokari. Alishinda Le Mans mara 4, akaacha mu 1962, akakufa mu 1998 muzee. Siku moja, barabara moja, timu moja.

Serikali ya Italia ilisimamisha mashindano ya mbio pa barabara za watu. Mille Miglia ya namna ile ikaisha na 1957. Enzo Ferrari akashitakiwa kama aliua watu bila kukusudia. Neno la mushitaki lilikuwa juu ya pine: kwamba ile gari ilikuwa na mwendo mukubwa kushinda mwendo wenye pine ya Englebert ilitengenezewa, na mwenye gari alijua. Neno la upande mwingine lilikuwa kwamba pine haikukosa. Ilikatwa na kitu pa barabara, zile alama zenye kung'aa usiku zenye zinapandwa katikati ya lami. Wataalamu walibishana miaka. Mu 1961 Ferrari aliachiliwa. Kwa tribinali, jambo liliisha.

Kwangu swali la mushitaki lilikuwa swali la kweli, hata kama Ferrari alishinda kesi. Gari inaweza kufanya kiasi gani, na pine inaweza kufanya kiasi gani, na nani anajua mbele ya kuondoka? Leo jibu limeandikwa pa ubavu wa kila pine, na watu wa hapa hawalisomi. Chukua pine yenye imeandikwa 205/55 R16 91V. 205 ni upana mu milimeta, 55 ni urefu wa ubavu juu ya mia ya ule upana, R ni namna nyuzi zinapangwa, 16 ni jante. 91 inasema pine moja inabeba kilo 615. Ile herufi ya mwisho njo mwendo: T ni kilometa 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Mutu mwenye ananunua gari ya mbio ya okazioni, akaivalisha mapine ya T sababu ni bei nafuu, anafanya lile lile jambo lenye mushitaki wa Italia alisema. Tena tafuta tarakimu ine za mwisho kiisha herufi DOT: 1223 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2023. Mapine mingi yenye inalala mbele ya maduka, inang'aa sababu imepakwa rangi, ina miaka 10 na zaidi. Mupira unakauka hata kama haukutembea. Muuzaji anaweza kupaka rangi, lakini zile tarakimu ziko pale kwa mwenye kuangalia.

Na Englebert? Hakikufa pale. Mu 1958 Mike Hawthorn alikuwa bingwa wa dunia mu Ferrari yenye ilivaa bado mapine ya Liège. Mwaka wenye ulifuata Ferrari ilivaa Dunlop. Kiwanda kiliingia mu mikono ya Wamarekani wa Uniroyal, na mu 1979 kazi zao za Bulaya zikanunuliwa na Continental ya Ujerumani. Jina likafutika pa ubavu wa mapine pole pole.

Mahali lilibaki ni hapa. Timu yenye wamonaki Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface walianzisha mu 1939, yenye iliitwa Saint-Georges kisha Saint-Paul, ilichukua jina la Englebert sababu kampuni ndiyo ilikuwa inaisaidia. Mu 1966, kiisha mwaka bila kushindwa hata mara moja, iliongezewa Tout Puissant. Wakati ile kampuni ilikuwa inapoteza jina lake Bulaya, vijana wa Kamalondo walikuwa wanaliandika juu ya kombe la Afrika. Kuna kitu cha kuchekesha mu luga yetu pale: sisi tunasema mupira kwa bola, na mupira kwa kile kitu chenye kilitoka mu misitu yetu, chenye babu za wenzetu wa Équateur walikatiwa mikono juu yake mu wakati wa Léopold wa pili. Englebert ilikuwa mipira yote miwili.

Pa barabara ya Guidizzolo, kati ya mashamba, waliweka ukumbusho wa wale wenye walikufa. Gari za kila siku zinapita pale, malori ya mahindi na watu wa kazi wanarudi nyumbani. Barabara yenyewe haikubadilika sana, ingali sawa kamba.